Kuanzisha kituo cha pamoja cha utafiti wa data Kisumu: mwongozo kamili, kutoka swali la kwanza hadi ramani ya gugumaji

Kikundi kinachotaka kuanzisha kituo cha pamoja cha utafiti wa data hakihitaji jengo mwaka wa kwanza. Taasisi ya Alan Turing ya Uingereza ilianzishwa mwaka 2015 na vyuo vikuu vitano (Cambridge, Edinburgh, Oxford, UCL na Warwick), na makao yake yakawa ndani ya Maktaba ya Uingereza, London. Karibu nasi, Chuo Kikuu cha Maseno, Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Africa Nazarene vilishirikiana katika mradi wa Kencorpus. Walikusanya matini 4,442 yenye maneno milioni 5.6 pamoja na saa 177 za sauti, kwa Kiswahili, Dholuo na lahaja tatu za Kiluhya. Ushirikiano wa namna hiyo hufaulu pale kila upande unapoandika data yake kwa kanuni moja, ndipo vipande huunganika.

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho: vyuo na taasisi za kanda ya ziwa vikishirikiana kutengeneza ramani ya gugumaji katika Ghuba ya Winam, sehemu ya Ziwa Victoria iliyo Kenya, kwa picha za setilaiti na modeli ya kompyuta. Ukiwa na mradi wa mahindi Trans Nzoia au wa malaria Siaya, hatua zitabaki zilezile. Zitakazobadilika ni safu za jedwali tu.

Kwa mradi wa miezi 18, gawa muda hivi: miezi 4 ya makubaliano na vibali, miezi 2 ya kuandika kamusi ya data na kuijaribu, miezi 8 ya kukusanya, miezi 2 ya modeli, na miezi 2 ya kurudisha matokeo. Wanaotoka darasani hushangaa kuona modeli imepewa miezi 2 pekee. Inatosha, ikiwa ile 14 iliyotangulia imetumika vizuri. Ikiwa haikutumika vizuri, hata mwaka mzima wa modeli hautaokoa kitu.

Swali na washirika

Chagua swali ambalo hakuna mshirika anayeweza kulijibu peke yake. "Kutumia akili unde kuboresha uvuvi" si swali, kwani hakuna siku mtakayojua kwamba mmelijibu. Swali ni hili: kila picha ya setilaiti inapopatikana, gugumaji limefunika hekta ngapi za ghuba, na limeegemea fuo zipi? Hapo mnahitaji mtu wa picha za setilaiti, mtu wa takwimu, mtaalamu wa mimea ya maji na watu wanaoingia ziwani kila siku.

Kanda hii ina watu hao wote. Maseno iko pale ikweta inapopita, Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kiko Bondo, Masinde Muliro Kakamega, Egerton Njoro. Taasisi ya utafiti wa bahari na samaki, KMFRI, ina kituo Kisumu. Kwenye fuo kuna BMU, yaani vikundi vya usimamizi wa fuo, ambazo zinatambuliwa kisheria na zina wenyeviti, makatibu na daftari za samaki waliovuliwa. BMU iwe mshirika aliyetajwa kwenye mkataba, yenye fungu lake katika bajeti. Ikichukuliwa kama chanzo cha nahodha wa kukodi tu, mtapata nahodha, lakini hamtapata taarifa kwamba gugumaji limehama usiku.

Washirika wanne hadi sita wanatosha kuanza. Wakizidi hapo, kupata tu tarehe ya mkutano kunakula wiki mbili.

Karatasi kabla ya data

Andikeni hati mbili tofauti. Ya kwanza ni hati ya maelewano, inayosema nani ni nani, mradi unaisha lini, na mtu akitaka kujiondoa anafanya nini. Hii hutiwa sahihi na mwenye mamlaka ya kuifunga taasisi, ambaye chuoni kwa kawaida ni makamu wa chansela au aliyemkaimisha. Sahihi ya mkuu wa idara hupatikana haraka, lakini wakili wa chuo akiiona baadaye hati yote inarudi mwanzo.

Ya pili ni makubaliano ya data, na hapa ndipo ushirikiano mwingi huvunjikia. Yajibu maswali haya kwa maneno ya wazi: data ghafi inakaa kwa nani? Nani anaweza kuifungua bila kuomba ruhusa? Mshirika akitaka kuitumia kwa tasnifu ya mwanafunzi wake, anamwandikia nani, na ajibiwe ndani ya siku ngapi? (Siku 14 ni muda wa haki.) Itatolewa hadharani lini, na kwa leseni gani? Chaguo linalofaa miradi mingi ni CC BY 4.0 (yeyote atumie mradi amtaje mwenye data), miezi 12 baada ya ukusanyaji kwisha. Na majina kwenye makala yatapangwaje? Amueni mapema kwamba aliyebuni utaratibu wa ukusanyaji na kuusimamia ana nafasi ya uandishi sawa na aliyeendesha modeli, mradi naye ashiriki kuandika na kuipitisha makala. Mkingoja hadi makala iwe tayari, mtaamua mkiwa mmekasirika.

Vibali vina mpangilio wake. Kwanza ni idhini ya kamati ya maadili iliyosajiliwa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Vyuo kadhaa vya kanda hii vina kamati hizo. Baada ya hapo ndipo unaomba leseni ya utafiti ya NACOSTI kwenye mtandao, ukiambatisha ile idhini. Leseni hudumu mwaka mmoja, kwa hiyo mradi wa miezi 18 utaihitaji mara mbili. Weka tarehe ya kuihuisha kwenye kalenda siku ileile unapoipata. Kabla ya kuingia uwanjani, pelekeni nakala kwa kamishna wa kaunti na mkurugenzi wa elimu wa kaunti, kisha mkamwone mwenyekiti wa BMU ana kwa ana.

Pikseli ya ziwa, yaani kimraba kimoja cha picha ya setilaiti, haina siri ya mtu. Namba ya simu ya mvuvi, uso wake kwenye picha na njia ambayo mashua yake ilipita zina siri. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahusu hayo yote, na taarifa zikivuja mna saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data. Hifadhini majina na namba kwenye faili la peke yake lenye nywila, na kwenye jedwali kuu tumieni misimbo. Njia za mashua msizichapishe kabisa, kwa sababu zinaonyesha mahali ambapo mtu anavua, na mahali hapo ni riziki yake. Mkifikiria kutumia droni, kumbukeni kwamba uwanja wa ndege wa Kisumu uko kando ya ziwa. Bila kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA, isipae.

Kamusi ya data

Huu ndio moyo wa kituo. Kamusi ya data ni hati ya kurasa mbili au tatu inayoeleza kila safu ya jedwali: jina lake, maana yake, kipimo chake, thamani zinazokubalika, na la kufanya thamani ikikosekana. Kwa mradi wetu safu 12 zinatosha: pointi_id, tarehe, saa, lat, lon, usahihi_m, ufuo, aina, upana_m, picha, mkusanyaji na maelezo.

Jedwali linaonekana rahisi hadi watu watano walijaze kutoka fuo tano. Yafuatayo hutokea, na kila moja lina dawa yake.

Saa. Hili ni kosa letu wenyewe waongeaji wa Kiswahili, na halimo katika vitabu vya wageni. Mkusanyaji anaandika "5:00" akimaanisha saa tano asubuhi. Kompyuta inasoma saa kumi na moja alfajiri. Wakati huohuo setilaiti inaandika saa ya dunia, UTC, iliyo nyuma ya yetu kwa saa 3. Picha ya saa tano asubuhi Kisumu itasomeka 08:00. Jambo moja, namba tatu: 5:00, 08:00 na 11:00. Kamusi iseme: mfumo wa saa 24, saa za Afrika Mashariki, na simu ijaze yenyewe. Mtu asiandike saa kwa mkono.

Latitudo. Ghuba yote iko kusini mwa ikweta, kwa hiyo kila latitudo ina alama ya kutoa. Alama hiyo ikidondoka, pointi ya Dunga, ambayo ni karibu −0.145, inaruka zaidi ya kilomita 30 kaskazini na kutua nchi kavu upande wa Vihiga na Kakamega. Iambie fomu ikatae latitudo yoyote isiyo kati ya −0.6 na 0, na longitudo yoyote isiyo kati ya 34 na 35. KoboToolbox na ODK, programu za kujaza fomu kwa simu, zote zinaruhusu kuweka sharti kama hilo, na ni kazi ya dakika mbili.

Tarehe. 03/04 ni tarehe 3 Aprili au 4 Machi? Andikeni 2025-04-03, daima.

Majina ya fuo. "Dunga", "Dunga Beach" na "dunga bch" ni fuo tatu machoni pa kompyuta. Wekeni orodha ya kuchagua yenye misimbo ya herufi tatu za mwanzo wa jina: DUN, USO, KEN, HOM, ASE, LUA.

Sifuri na pengo. Upana wa mita 0 ni kipimo, na pengo ni kutopima. Mtu akijaza 0 mahali ambapo hakupima, wastani wote unashuka na hakuna atakayejua sababu. Pengo libaki pengo.

Safu ya "aina" inahitaji ukurasa wake wenye picha. Tumieni aina tano: GM ni gugumaji, MF ni mafunjo, MW ni maji yenye mwani mzito, MJ ni maji matupu, VZ ni vizimba vya samaki. Kila aina iwe na picha tatu, mojawapo ikiwa ngumu kuamua. Mafunjo yaliyong'oka na kuelea kama kisiwa yaitweje? Yaitwe MF, na neno "yanaelea" liandikwe kwenye maelezo. Kisiwa chenye mafunjo juu na gugumaji pembeni? Kisirekodiwe, kwa sababu modeli itafundishwa kitu ambacho hata nyinyi hamjakiamua.

Kabla ya kwenda ziwani, jaribuni kamusi hivi. Chukueni picha 200. Watu wawili wa taasisi tofauti wazipange bila kuonana: hii ni gugumaji, hii siyo. Tuseme wote wawili wamesema gugumaji kwa picha 70, wote wamekataa kwa picha 100, na wametofautiana kwa picha 30: 10 aliziita gugumaji wa kwanza pekee, 20 wa pili pekee. Wamekubaliana kwa 0.85, na inaonekana vizuri. Lakini sehemu ya makubaliano hayo ni bahati. Wa kwanza alisema gugumaji mara 80 (0.40), wa pili mara 90 (0.45). Kwa bahati tu wangekubaliana 0.40 × 0.45 + 0.60 × 0.55 = 0.51. Kipimo cha kappa cha Cohen ni (0.85 − 0.51) ÷ (1 − 0.51), yaani 0.69. Lengeni 0.80. Mkipata 0.69, msibadilishe watu. Kaeni na zile picha 30, moja baada ya nyingine, na mwandike upya maelezo yaliyowachanganya. Mara nyingi utakuta picha zote zenye ubishi ni za aina moja, kwa mfano gugumaji lililokauka na kugeuka rangi ya kahawia.

Ziwani

Gugumaji husukumwa na upepo. Asubuhi upepo huvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani, na mchana hugeuka ukarudi, ukikusanya mimea upande wa Kisumu. Pointi iliyochukuliwa saa tisa alasiri haina uhusiano na picha ya saa tano asubuhi ya siku ileile, kwani zulia zima linaweza kuwa limehama. Sentinel-2, setilaiti za Ulaya za kupiga picha za dunia, hupita juu ya ghuba karibu na saa tano asubuhi, kila baada ya siku 5. Kwa hiyo mashua iwe ziwani kati ya saa nne na saa sita, siku ya setilaiti, si siku inayomfaa dereva wa gari la chuo. Ukishapata tarehe ya picha moja, jumlisha 5 na uandike kalenda ya miezi yote 8. Mafunjo yaliyoshika mizizi na vizimba havihami, hivyo pointi zake zichukuliwe siku nyingine na msipoteze saa mbili za thamani.

Mashua ibebe watu wanne: nahodha, mwenye simu, mwenye kupima na kupiga picha, na mwakilishi wa BMU. Majaketi ya kuokoa maisha manne, yamefungwa tangu ufuoni. Simu mbili zenye fomu ileile, betri ya akiba, mfuko usioingiza maji. Injini ya nguvu ya farasi 15 ikienda kwa kasi hula takriban lita 5 hadi 7 za petroli kwa saa. Mkihesabu saa 4 za kwenda, kupima na kurudi, chukueni lita 30 na akiba ya 5. Msishuke kutembea kwenye maji ya kando: konokono wa kichocho huishi kwenye mimea hiyo, na viboko hujificha humo. Nahodha akisema turudi, mnarudi. Hakuna pointi yenye thamani ya mtu.

Pikseli ya Sentinel-2 ni mita 10 kwa 10, na GPS ya simu hukosea mita 3 hadi 10. Ukichukua pointi kwenye kipande cha mita 8, hujui iko kwenye pikseli ipi. Kwa hiyo pimeni vipande vyenye upana wa mita 30 au zaidi pekee, na pointi iwe katikati. Ikiwa mashua haiwezi kupenya zulia, simameni ukingoni, andikeni umbali na upande wa dira, kisha pointi isogezwe baadaye kwa hesabu. Ngojeni usahihi_m ushuke chini ya 5. Ukibaki juu ya 10, iacheni.

Kila pointi huchukua kama dakika 5, hivyo saa mbili zinatoa 20 hadi 24. Lengo ni pointi 100 kwa kila aina. Aina tatu zinazofungwa na saa ya setilaiti zinahitaji pointi 300, yaani safari 15 za pointi 20. Wekeni bajeti ya 30. Wingu likifunika ghuba saa tano, safari hiyo imekwenda bure kwa upande wa picha, na miezi ya Machi hadi Mei itawaonyesha hilo wazi.

Jioni ileile, kabla ya kulala, mtu mmoja afungue jedwali na kuweka pointi juu ya ramani katika QGIS, programu ya bure ya ramani. Kosa la siku hiyo husahihishwa kwa simu moja. Kosa la mwezi uliopita hakuna anayelikumbuka.

Picha za setilaiti

Picha za Sentinel-2 hutolewa bure. Chukueni zile zilizokwisha kusahihishwa anga, daraja la L2A. Faili la eneo la kilomita 110 kwa 110 lina uzito wa takriban GB 1. Kwa mwaka ni picha 73, hivyo diski ya TB 2 inabeba mradi wote.

Majani mabichi hurudisha sana infraredi ya karibu (bendi B8) na hunyonya mwanga mwekundu (B4). Faharasa ya NDVI, kipimo cha ukijani wa mimea, ni (B8 − B4) ÷ (B8 + B4). Maji matupu hutoa namba karibu na sifuri au chini yake, gugumaji zito hutoa 0.6 na zaidi. Shida ni mwani: maji ya ghuba yakijaa mwani NDVI yake hupanda, na ramani inaonyesha gugumaji pasipo na gugumaji. Ongezeni bendi B11, infraredi ya mawimbi mafupi. Maji huimeza karibu yote, kwa hiyo mwani uliomo ndani ya maji hubaki mweusi, ilhali majani yaliyo juu ya maji hung'aa. B11 ina pikseli za mita 20. Zigawe kuwa za mita 10 kabla ya kuzipanga na nyingine.

Kuna mtego mmoja unaonasa hata wenye uzoefu. Tangu tarehe 25 Januari 2022, namba za ndani ya mafaili ya Sentinel-2 zimeongezwa 1,000. Tuchukue zulia la gugumaji ambalo B4 yake halisi ni 0.04 na B8 ni 0.36. NDVI ni 0.32 ÷ 0.40, yaani 0.80. Usipotoa ile 1,000, kompyuta inaona 1,400 na 4,600, na NDVI inakuwa 3,200 ÷ 6,000, yaani 0.53. Ukichora grafu ya 2020 hadi 2024 bila kurekebisha, utatangaza kwamba gugumaji lilipungua ghafla mwanzoni mwa 2022, ilhali kilichobadilika ni hesabu ya faili. Kwenye picha zilizoongezwa, toa 1,000, kisha gawanya kwa 10,000. Baadhi ya majukwaa hukurekebishia tayari. Soma maelezo ya seti unayotumia kabla ya kutoa mara ya pili.

Modeli, na jinsi inavyodanganya

Anza na kanuni ya mstari mmoja: NDVI zaidi ya 0.4 na B11 zaidi ya kiwango mtakachokichagua kwenye pointi zenu, basi ni gugumaji. Andika matokeo yake. Modeli yoyote itakayofuata lazima ishinde hiyo. Isiposhinda, tumia mstari mmoja. Kisha jaribu msitu wa miti ya uamuzi, ambapo miti 500 hupiga kura, ukiilisha B2, B3, B4, B8, B11 na NDVI. Inakimbia kwenye kompyuta ya mkononi yenye RAM ya GB 8. Kwa pointi 500, mitandao mikubwa ya neva na kadi za picha za bei ghali hazina kazi hapa. Fedha hizo zinunue petroli.

Kosa kubwa kuliko yote liko kwenye kupima. Programu nyingi hugawanya pointi kwa bahati nasibu: 80 kwa 100 za kufundishia, 20 za kupimia. Lakini pointi mbili za Dunga za siku moja, mita 40 baina yao, ni kama ndugu pacha. Mmoja akiwa kwenye mafunzo na mwingine kwenye mtihani, modeli imeshaliona jibu. Itapata alama za juu, kisha ipelekwe Homa Bay ikosee ovyo. Gawanyeni kwa ufuo. Fundisha kwa fuo tano, pima kwa wa sita, rudia mara sita hadi kila ufuo uwe umepimwa. Alama zitashuka, na mtu atauliza kwa nini. Hizo za chini ndizo zinazoeleza kitakachotokea mahali ambapo hamjawahi kufika.

Zaidi ya hapo, tengeni pointi za msimu mmoja mzima zisiguswe. Zikae kwa mshirika asiyefundisha modeli, zifunguliwe mara moja tu, mwishoni. Hapa ndipo taasisi kuwa nyingi kunaleta faida halisi: mtu mmoja hawezi kujificha jibu, lakini taasisi mbili zinaweza kufichana.

Usiridhike na usahihi wa jumla. Tuseme gugumaji limefunika asilimia 3 ya ghuba. Modeli inayosema "hakuna gugumaji" kila mahali ina usahihi wa asilimia 97, na haina maana. Toeni namba mbili: kati ya pikseli zilizoitwa gugumaji, ngapi ni gugumaji kweli, na kati ya gugumaji lililokuwepo, limepatikana kiasi gani. Kisha fikirieni ukubwa. Ghuba ina takriban kilomita za mraba 1,400. Modeli ikikosea asilimia 1 tu ya maji matupu, inazua karibu hekta 1,400 za gugumaji hewa. Kwa hiyo usitangaze eneo kwa kuhesabu pikseli peke yake. Chagua pikseli 300 kwa bahati nasibu kutoka kwenye ramani iliyokwisha, 150 kwa kila upande wa gugumaji na usio gugumaji, mtu azikague kwa jicho bila kujua modeli ilisema nini, na eneo lirekebishwe kwa viwango vya makosa vilivyopatikana. Toeni hekta pamoja na mipaka ya juu na ya chini.

Hifadhi

Kwa hili fupi linatosha. Nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo. Maseno na Bondo zikihifadhiana, sharti la tatu limetimia. UPS (betri ya dharura) ya kompyuta inayopakua picha ni lazima, kwa kuwa stima ikipotea katikati faili hubaki nusu na halipigi kelele. Linganisha ukubwa wake na uliotajwa kwenye chanzo. Data ghafi isomwe tu, isihaririwe. Marekebisho yote yafanywe kwa programu iliyoandikwa na kuwekwa kwenye Git, inayotunza kumbukumbu ya kila badiliko, ili mwanafunzi akihitimu na kuondoka, anayefuata aweze kuanza pale alipoachia. Toleo la mwisho liwekwe Zenodo, hazina ya data ya mtandaoni ambako ni bure hadi GB 50 kwa rekodi na hupata namba ya kudumu.

Kurudisha matokeo ufuoni

Ramani ya PDF ya MB 30 haifunguki kwenye simu ya mvuvi mwenye bando la siku. Tumeni kwa WhatsApp picha moja isiyozidi KB 200, yenye majina ya fuo na rangi mbili tu, pamoja na mistari miwili ya Dholuo na Kiswahili: tarehe na saa ya picha, zulia kubwa liko karibu na ufuo upi. Kwa asiye na simu janja, SMS ya herufi zisizozidi 160. Itumwe siku ileile picha inapopatikana. Gugumaji la siku tatu zilizopita limeshakwenda kwingine.

Kwenye ramani yenyewe andikeni kuwa inaonyesha hali ya saa tano asubuhi na kwamba upepo wa mchana huibadilisha. Sehemu zilizofunikwa na wingu zipakwe kijivu, zisiachwe bluu. Bluu humwambia nahodha kwamba njia iko wazi, na akinasa nyavu na injini humo hatawaamini tena.

Kila BMU iwe na namba moja ya kupokea malalamiko na mtu wa kuyajibu. Mvuvi akipiga kusema ramani inaonyesha gugumaji Usoma na hapo ni maji matupu, asibishiwe. Aombwe picha na saa, na taarifa hiyo iingizwe kwenye jedwali la makosa siku hiyohiyo: tarehe, saa ya mfumo wa 24, msimbo wa ufuo, modeli ilisema nini, mvuvi aliona nini. Kila baada ya miezi mitatu jedwali hilo lisomwe kwenye mkutano wa washirika wote, BMU wakiwepo, kabla ya mtu yeyote kuigusa modeli.